Furushi la Bibi Yako

Bariadi, Jumapili jioni

Kabula mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumuuliza mtu hali yake, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi na mama yako kwenda kumuaga shangazi, umevaa viatu vipya vinavyokubana na hutaki kukubali kwamba vinakubana. Mmeniachia maharage niyaangalie yasiungue. Nimeshayaepua. Nimekaa kwenye benchi la kibanda changu hapa mbele ya nyumba, katikati ya matairi ya watu, nimegandamiza karatasi kwa spana isipeperuke, naandika. Ukikuta mahali pana grisi, nisamehe.

Nitaitia kwenye ule mfuko wa pembeni wa begi lako unakoweka chaja. Uisome ukiwa ndani ya basi, ukishapita Maswa, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kuniuliza maswali. Ndiyo, nimekuwa mwoga kiasi hicho.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Chandarua, kanisa, simu usiitoe ukiwa barabarani, nani wa kumwamini na nani wa kumkwepa, yote mama yako amekwambia, na kesho asubuhi atayarudia wakati unakunywa chai. Mimi nina jambo moja. Limenikaa kooni tangu siku ulipokuja na habari ya kazi.

Najua siku ile nilikuumiza. Uliingia uani unakimbia, simu mkononi, unapiga kelele, "Baba, nimepata! Uwanja wa ndege, Dar!" Mama yako akapiga vigelegele hadi jirani akatoka na mwiko. Mimi nikaendelea kuziba pancha ya bodaboda. Ukaja ukasimama mbele yangu ukauliza, "Baba, kwani hujafurahi?" Nikakujibu, "Nimefurahi, ngoja nimalize hili tairi." Tairi lilikuwa limekwisha, Kabula. Nilikuwa nasugua tu mahali palipozibwa.

Tangu hapo mimi na wewe tunaongea habari za umeme na mvua. Juzi nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako, "Baba anaziogopa ndege kwa ajili ya mkono wake. Si angesema tu." Hukunikosea heshima, ila hukupatia. Siziogopi ndege. Nilichoogopa ni maneno uliyowaambia watu wa usaili.

Wewe mwenyewe ulitusimulia. Walikuuliza kwa nini binti kama wewe unataka kazi ya kushinda kwenye maegesho ya ndege, juani, kwenye kelele, nawe ukawajibu, "Baba yangu alipoteza mkono akimwokoa bibi yangu asiingie kwenye propela. Nimekulia kwenye nyumba ya mtu wa namna hiyo." Ukasema mmoja wao alivua miwani akaifuta. Ulikuwa unasimulia huku unanitazama kwa fahari, nami nikainuka nikasema naenda kufunga kuku. Kuku walikuwa wameshafungwa.

Kabula, mimi sikumwokoa bibi yako.

Sasa ngoja nikusimulie kwa utaratibu, maana hadithi hii imeshasimuliwa na kila mtu isipokuwa mimi.

Bukundi unaikumbuka kidogo tu, tulihama ukiwa hujaanza shule. Nje ya kijiji palikuwa na kiwanja cha ndege. Kukiita kiwanja ni kukipandisha cheo. Kilikuwa kipande cha ardhi kilichofyekwa, kokoto na vumbi, cha kambi moja ya wageni waliokuja kutazama wanyama. Kambi yenyewe ilishafungwa siku nyingi. Wafanyakazi wa kiwanja tulikuwa mimi na Maduhu, yule mzee mrefu aliyekushika bega kwenye msiba wa bibi. Ndege ikisikika kwa mbali, kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa ng'ombe. Kazi ile nilipewa mimi kwa sababu ng'ombe walinisikia, hata wa watu. Napiga mluzi, wanageuka wote na kuondoka taratibu kana kwamba wazo lilikuwa lao. Rubani alikuwa akinitania kwamba nchi nyingine wana mnara wa kuongozea ndege, yeye ana mluzi wa Ngasa. Nilivimba kichwa kwa maneno hayo, na mama yako alinivumilia.

Kazi ya pili ilikuwa kuwazuia watu, na watu ni wabishi kuliko ng'ombe. Ndege ikitua, kila mtu anataka kuigusa. Nikapanga mawe pembeni ya mahali inaposimama, nikayapaka chokaa, nikatangaza kwamba hakuna kuvuka mawe hayo mpaka propela isimame kabisa, uone mapanga yake kwa macho yako, na rubani anyooshe dole gumba. Na hata ukiruhusiwa, unapita nyuma ya bawa. Mbele hakuna njia. "Propela ikizunguka haionekani," nilikuwa nawaambia. "Unaona hewa tupu, unafikiri ni pa kupita." Niliwaambia wauza maziwa, niliwaambia watoto, nilimrudisha nyuma mwenyekiti wa kijiji mwenyewe mbele ya wakwe zake. Hakunisalimia tena mpaka nikahama.

Nakueleza yote haya ili ujue kwamba sikuwa mgeni wa jambo lile. Kama kulikuwa na mtu mmoja Bukundi nzima aliyejua ni wapi pa kusimama, ni mimi.

Bibi yako alikuwa haoni. Hakuzaliwa hivyo. Ni mtoto wa jicho. Ilianza kama ukungu wakati mimi nahangaika kuoa, na wewe ulipozaliwa dirisha lilikuwa limeshafungwa. Alikujua kwa kukupapasa uso. Alikuwa akisema una paji la uso la babu yako, na ukikua utasumbua walimu, na yote mawili yalikuwa kweli. Rubani alipoona ninavyomwongoza kwa fimbo, akasema ana safari ya kwenda Mwanza bila abiria, angeweza kumchukua akafanyiwe upasuaji, na akipona amrudishe. Mimi na bibi yako tulibishana siku nyingi.

"Nipande kitu kile, Ngasa? Kikianguka sitajua hata naangukia wapi."

"Ndiyo raha yake, mayu. Hutaogopa."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Wewe humkumbuki bibi akicheka, ndiyo maana nakuandikia. Alikuwa na kicheko cha kuanzia tumboni. Nilimpandisha mwenyewe, injini imezimwa, nimemshika kwa mkono huu wa kulia ambao haupo.

Siku ya kurudi, kambi walipata habari kwenye redio kwamba anakuja na kwamba macho yamefunguka. Nilinyoa ndevu. Mama yako alinipigia pasi shati. Wewe ulibaki nyumbani na homa, na nashukuru kwa homa ile mpaka leo. Mvua ilikuwa imefunga upande wa porini, nyeusi tii. Niliwaondoa ng'ombe, nikasimama mahali pangu kwenye mawe, mbele kidogo ya ndege na kando, ili rubani anione. Ndege ikatua vizuri, ikageuka, ikasimama. Injini haikuzimwa. Rubani alikuwa anaikimbia mvua, alitaka amshushe mama, mizigo ya kambi itolewe, aruke. Mara mojamoja alifanya hivyo. Simlaumu kwa hilo. Mstari ulikuwa wangu, si wake.

Maduhu alizunguka nyuma ya bawa kama inavyotakiwa, akafungua mlango, akamteremsha bibi yako, akamsogeza nyuma, mahali salama kabisa. Nilimwona akimwinamia sikioni. Baadaye alinieleza maneno aliyomwambia: "Simama hapa hapa, mayu, usisogee mpaka nije." Kisha akarudi mlangoni kutoa magunia.

Na bibi yako akasimama. Alivua miwani ile nyeusi ya hospitali. Akatazama juu, akatazama nyasi, akageuza viganja vyake akavitazama. Ndipo akaniona. Mara ya mwisho aliniona kijana wa kuoa, sasa anaona baba wa mtu. Sikumsikia kwa kelele za injini lakini niliona mdomo wake ukiita jina langu. Chini miguuni alikuwa na furushi, limefungwa kwa kitenge cha kijani. Akainama kulichukua ajitwike.

Wewe umekulia mjini, lakini hata wewe unajua. Kwetu mama hafiki na mzigo kichwani watoto wake wakimtazama. Ukimwona tu, unamkimbilia, unampokea mzigo, ndipo mnasalimiana. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kuhesabu vidole. Nilimpokea kuni, nilimpokea maji, nilimpokea mahindi ya kutoka shambani nikiwa mfupi kuliko jembe. Mtoto anayesimama akimwangalia mama yake akijitwika, watu watamsema mpaka wamchoke. Miguu yangu ilikuwa inalijua jambo hilo kuliko ilivyoyajua mawe ya jana na juzi. Sikuamua chochote. Nilivuka mawe yangu mwenyewe niliyoyapaka chokaa, nikamkimbilia mama yangu kwa njia iliyonyooka, na njia iliyonyooka ilipita pale penye hewa tupu.

Nilikuwa nimenyoosha mkono nipokee furushi. Ni hilo tu. Hakuwa hatarini, hakuwa amesogea hata kidogo. Niliyekuwa hatarini ni mimi, na sababu ilikuwa furushi.

Sitakuandikia kilichotokea hapo. Nitasema tu kwamba maumivu yalichelewa, ila uso wa mama yangu niliuona mara moja. Alikuwa na macho mapya, na hicho ndicho alichoonyeshwa.

Ndege ile ile ndiyo iliyonipeleka Mwanza. Walinifunga kwa kitenge cha kijani. Vilivyokuwa ndani ya furushi vilimwagika kwenye kokoto, dagaa, sukari, na lile gauni la njano ambalo unalo kwenye picha ya chekechea. Alilichagua mwenyewe dukani, kwa rangi. Mama yako alitaka kulitupa, bibi akakataa, akalifua mara nyingi, akakuvalisha. Ulilivaa mpaka likakubana kwapani.

Maduhu alipanda nami. Alikuwa amenishika kichwa njia nzima. Huko hospitali walipouliza imekuwaje, alijibu kabla ya rubani: "Mama yake haoni vizuri, alianza kwenda mbele, huyu akamkimbilia kumzuia." Alisema kwa upendo, sina shaka. Hakutaka nichekwe. Ungekuwa kijijini ungeelewa: mtu wa mawe, mtu wa kumfukuza mwenyekiti, ameingia mwenyewe. Wangenitungia wimbo. Nilipozinduka, hadithi ya Maduhu ilikuwa imeshafika Bukundi kabla yangu. Wauguzi waliniita shujaa. Mkubwa wa kambi alikuja na mfuko wa matunda, akanishika mkono wa kushoto, akasema anajivunia kuwa na mfanyakazi kama mimi. Nilikuwa kijana bado, nina mke, nina mtoto mdogo, sina mkono. Nilitazama kila upande, nikaona kitu kizuri nilichobakiwa nacho ni hadithi ile tu. Nikaichukua.

Sikufikiria kwamba kila anayeniita shujaa anamwita mama yangu mkosaji. Nilikuja kulielewa hilo siku aliponitembelea nyumbani, kidonda bado kibichi. Alikuja kwa miguu, amebeba kikapu, akakiweka mwenyewe chini. Tukasalimiana. Mhola, mayu. Mhola duhu. Halafu akaniambia:

"Ngasa, baba. Hebu niambie. Hivi nilisogea?"

Nikamwuliza kusogea wapi, kana kwamba sijui.

"Maduhu aliniambia nisimame. Najiona nimesimama. Lakini watu wote wanasema nilikwenda mbele. Macho yalikuwa mageni, labda miguu ilikwenda nisijue. Wewe ulikuwa unanitazama. Nilisogea?"

Maduhu alikuwa nje, namsikia anapasua kuni alizotuletea. Mama yako alikuwa anapita na sufuria. Neno lenyewe lilikuwa fupi, hapana, hata mtoto anaweza kulisema. Nikamjibu, "Sikumbuki, mayu."

Nilikuwa nakumbuka kila kitu.

Akatikisa kichwa polepole. Akasema, "Basi nilisogea." Akanishika bega la huku, upande usiokuwa na kitu, akanishukuru kwa kumwokoa. Wabeja, akasema, wabeja, ng'wanawane, mwanangu. Alinishukuru, Kabula. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia saa ile, na bado sikufungua mdomo.

Sasa nikukumbushe siku moja unayoikumbuka wewe. Tulikuwa tumeshahamia hapa Bariadi, uko darasa la pili. Bibi alikuja kututembelea kutoka Bukundi. Ulimwona anashuka kwenye gari, ukaacha kamba ya kuruka ukamkimbilia kwa furaha, ukashika kikapu chake umpokee. Akakupiga kofi mkononi na kukufokea mbele ya wenzako, "Acha! Simama hapo hapo! Nani amekuita?" Ulilia chini ya kitanda mpaka ukalala huko. Kuanzia siku hiyo ukamwita bibi mkali. Akija, unamsalimia kwa mbali na kukimbilia kucheza. Na yeye akawa hivyo kwa wote, mizigo yake hakuna aliyeigusa, hata mgongo ulipopinda. Watu walisema ni ubishi wa uzee.

Mwaka juzi tulipotoka kumzika ulimwambia mama yako ndani ya basi, taratibu, ukidhani nimelala: "Mimi bibi hakunipenda." Sikuwa nimelala. Alikupenda mpaka akaogopa kuona ukimkimbilia. Katika kila mtoto aliyemkimbilia aliniona mimi. Na hofu hiyo nilimpa mimi na nikamwachia aibebe, wakati neno moja lingeipunguza nusu. Macho yake yalikuwa yanaona vizuri miaka yote ile, ila hakuyaamini tena. Akivuka barabara alikuwa anauliza, "Hapa niliposimama ni sawa?" Kumbuka alivyokuwa akiuliza. Sisi tulikuwa tunacheka.

Nilikwenda Bukundi alipozidiwa, nimeshaamua. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nilimkuta amekaa, anaongea, akaniuliza mvua za huku, akaniuliza mtihani wako. Nyumba ilikuwa na watu wengi. Nikasema moyoni, watu wakipungua nitamwambia, kesho asubuhi nitamwambia. Asubuhi alikuwa hasikii tena. Nilimwambia hivyo hivyo, mdomo wangu kwenye sikio lake, hukusogea mayu, hukusogea, ulisimama vizuri, ni mimi. Sijui kama neno lolote lilifika. Tulipokuwa tunatoka makaburini Maduhu aliniuliza, "Ulimwambia?" Nikasema, "Bado." Akasimama. "Bado?" akasema, akageuka akatazama tulikotoka.

Nakuandikia ili wewe usiwe "bado" yangu nyingine.

Unakumbuka nani alinifundisha kuandika kwa mkono huu wa kushoto? Ni wewe, mwaka ulipoanza darasa la kwanza. Tulikuwa tunakaa hapo barazani, daftari moja, penseli moja imekatwa katikati. Ulikuwa unanisahihisha: "Baba, a yako imelala. Iamshe." Ukaniwekea mkasi wa kosa, kama mwalimu. Mwandiko wangu na wako ni wa rika moja, ndiyo maana zinafanana zile g zetu zilizopinda. Mtoto aliyenipa mkono wa kuandikia anastahili niutumie kuandika jambo la kweli walau mara moja.

Huko uendako watakufundisha kanuni, na najua utazishika haraka, una kichwa. Mimi pia nilizishika. Tena niliwafundisha wengine. Nilikuwa nadhani kanuni zinamponyoka mjinga, au mlevi, au mtu asiyejali. Mimi sikuwa mmoja wa hao siku ile. Nilikuwa mtu mwema anayefanya jambo jema, ambalo angelifanya mahali pengine popote wangemsifu. Hilo ndilo lililonikata mkono. Sikuwa na haraka ya kazi, nilikuwa na mama. Kama ningekuacha uondoke na hadithi ya Maduhu, ungesimama kwenye maegesho yale ukisubiri siku ya ushujaa, kumbe siku yenyewe ikija inakuja na sura ya mtu unayempenda, ameshika mzigo, anakuita jina.

Wale wa usaili sijui utawaambia nini, au kama utawaambia. Amua mwenyewe. Ukinionea aibu nitaelewa, na hutanikuta nikijitetea. Ila bibi usimwonee aibu hata kidogo. Ukiwa na nafasi ya kwenda Bukundi, nenda ukamwambie pale alipolala. Ana haki ya kukuamini wewe kuliko mimi.

Naona vumbi huko chini barabarani, nadhani ni nyinyi mnarudi. Mama yako ananyoosha mikono anavyoongea, ndiye. Kesho alfajiri mpaka stendi nitakubebea begi. Usibishane nami, na usiniulize kama ni zito. Huku kwetu pasipo na propela, penye bodaboda na mbwa tu, acha nikuchukulie mzigo wako.

Na ile ahadi yako nimeikubali. Ulisema kazi ikitulia utanikatia tiketi ya ndege kutoka Mwanza nije nikuone, nami nikabadili mazungumzo. Nitakuja. Nimefanya kazi na ndege miaka mingi, na mara moja tu niliyopanda nilikuwa sina fahamu, sikuona hata dirisha. Mama yako atanifungia michembe ya viazi na karanga na mchele, unamjua, atafunga furushi la kumshinda mtu mwenye mikono miwili. Nitashuka ngazi zile polepole. Wewe utakuwa kazini, kwenye mstari wako, na koti lile la kung'aa. Utaniona nimeelemewa upande mmoja, furushi linanipiga gotini, na miguu yako itataka kuja. Huenda na wenzako watakutazama, wajiulize ni binti gani huyu asiyempokea baba yake.

Waache washangae. Usinikimbilie, Kabula. Hata nikikuita. Bibi yako aliambiwa asimame, na alisimama, mwanangu, alisimama pale pale alipowekwa, na hakuna aliyempa heshima yake. Simama kama yeye. Furushi nitalibeba mwenyewe mpaka nikufikie.

Nikikukuta umesimama, nitajua umenipokea.

Baba yako,
Ngasa